Gari Linapokosa Pumzi: Oksijeni, Gesi ya Nosi na Nguvu ya Injini



Somo hili limeandikwa kwa ajili ya mwenye gari dogo la kazi ambaye amewahi kuambiwa na fundi, au na mchuuzi wa vipuri, kwamba injini yake inaweza kuongezewa nguvu kwa gesi ya mtungi. Gesi zinazotajwa ni mbili. Ya kwanza ni oksijeni, ile ile inayotumika hospitalini na kwa mafundi wa kuchomelea vyuma. Ya pili ni oksidi ya nitrasi, ambayo vijana wengi waliifahamu kwa jina la "nosi" kutokana na filamu ya The Fast and the Furious ya mwaka 2001. Lipo pia kundi la tatu, la vifaa vinavyodaiwa kutengeneza oksijeni ndani ya gari lenyewe kwa maji na umeme wa betri. Madai ya wauzaji hawa yana ukweli ndani yake, na kwa sababu hiyo hatutayafuta kwa neno moja. Tutayapima.

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara wa Masanze, wilayani Kilosa, ambaye ni wa kufikirika lakini wenzake ni wengi. Ana Toyota Noah yenye injini ya lita 2. Huzunguka vijijini kununua mchele kwenye njia zenye vumbi, hutokea Mikumi, kisha hushika barabara kuu ya kwenda Iringa kupitia Ruaha Mbuyuni na kupanda mlima Kitonga. Anaporudi hubeba viazi. Miezi ya karibuni gari limeanza kuchoka mlimani: anakanyaga mafuta hadi mwisho, na bado malori yanampita. Siku moja anapofunga gurudumu barabarani, kijana mmoja anamwambia, "Mzee, gari lako halina ubovu, linakosa pumzi tu. Nikufungie oksijeni, utapanda Kitonga kwa gia ya tatu." Bei ni shilingi laki sita, mtungi ukiwemo. Mzee wetu ana laki nne mfukoni, na laki mbili anaweza kukopa kwenye kikundi.

Je, alipe?

Injini inavyopumua

Petroli haiungui peke yake. Kilo moja ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa ili iungue yote. Kwa kipimo tulichokizoea kituoni, lita moja ya petroli huhitaji karibu kilo 11 za hewa, yaani lita 9,000 hivi, kiasi cha kujaza chumba kidogo cha kulala hadi nusu. Katika hewa hiyo, asilimia 21 tu ndiyo oksijeni. Asilimia 78 ni naitrojeni, ambayo haichangii kuunguza mafuta, ingawa tutaona baadaye kwamba haimo mle bure.

Hivyo basi, anayetaka nguvu zaidi kutoka kwenye injini ile ile hana budi kuingiza oksijeni zaidi, pamoja na petroli zaidi ya kuendana nayo. Tunamwomba msomaji aiwekee alama sentensi hiyo, kwa maana hesabu zote zinazofuata zimejengwa juu yake. Oksijeni ikizidi bila petroli ya nyongeza, nguvu haiongezeki kwa kadiri inayotarajiwa. Petroli ikizidi bila oksijeni, hutoka nyuma kama moshi mweusi.

Tabo ya lori hufanya kazi hiyo hiyo kwa njia halali na ya kudumu. Moshi unaotoka kwenye injini huzungusha feni ndogo, na feni hiyo husukuma hewa nyingi zaidi kuingia kwenye silinda. Ndiyo sababu lori lenye tabo halisumbuliwi sana na mwinuko wa Kitonga, ilhali gari dogo lisilo na tabo husumbuka. Hewa hupungua uzito kadiri tunavyopanda juu, na injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu yake kwa kila mita 100 za mwinuko. Mji wa Mikumi uko kwenye mita 500 na kitu juu ya usawa wa bahari. Iringa iko mita 1,500 na zaidi. Kwa hiyo gari la mfano wetu, likiwa zima kabisa, hufika Iringa likiwa limepungukiwa na karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu liliyokuwa nayo Mikumi. Hilo ni umbile la hewa, wala si ugonjwa wa gari, na dereva anayelijua hushusha gia mapema na kuendelea na safari.

Kijana wa barabarani, basi, hakusema uongo aliposema gari linakosa pumzi. Swali ni kama dawa yake inatibu.

Hesabu ya mtungi wa oksijeni

Injini ya lita 2 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, mafuta yakiwa yamekanyagwa hadi mwisho, huvuta takriban lita 2,500 za hewa kila dakika. Ndani ya hewa hiyo mna lita 500 na ushee za oksijeni. Sasa tulinganishe na kinachouzwa.

Mara nyingi kinachofungwa ni mtungi mdogo wa oksijeni wenye kile kipimo cha hospitalini, chenye kigololi kinachoelea ndani ya bomba la kioo. Kipimo cha kawaida cha aina hiyo hutoa lita 15 kwa dakika kikifunguliwa chote. Lita 15 juu ya lita 500 ni nyongeza isiyofika asilimia 3, na hakuna dereva awezaye kuihisi nyongeza hiyo kwa mguu. Akisema ameihisi, huenda ni kwa kuwa gari lilikuwa tupu siku ile, au ni kwa kuwa amelipa laki sita.

Lipo na jambo la kuudhi zaidi. Magari mengi ya petroli ya miaka ya karibuni yana sensa ya oksijeni kwenye bomba la moshi. Kazi yake ni kuiarifu kompyuta ya gari kama oksijeni imebaki bila kutumika. Sensa ikiona oksijeni ya ziada, kompyuta huamua kwamba petroli ni chache, na huongeza petroli. Mtu aliyefunga mtungi kwa kutumaini kupunguza matumizi ya mafuta hujikuta anatumia zaidi, na hajui kwa nini.

Tuseme fundi ni hodari, naye akaweka bomba kubwa linaloweza kuongeza oksijeni kwa robo nzima, kiasi cha lita 130 kwa dakika. Mtungi wenye ujazo wa lita 10, uliojazwa kwa shinikizo la mara 150 ya hewa ya kawaida, una lita 1,500 hivi za oksijeni. Utakwisha kwa dakika kumi na kidogo. Kwa lugha ya petroli, oksijeni yote iliyomo humo inatosha kuunguza chini ya lita moja ya mafuta. Hata ule mtungi mkubwa wa mafundi wa kuchomelea, wa mita za ujazo 7, ambao mtu mmoja haubebi kwa raha, una oksijeni ya kuunguza petroli isiyofika lita 4. Ukishakwisha unarudi kuujaza, na mahali pa kuujaza si kila kijiji. Mzee wetu angebeba uzito wa gunia la mchele ambalo haliuziki.

Pamoja na hayo, gharama ya mtungi ni ndogo ikilinganishwa na ya injini. Naitrojeni tuliyosema haichangii kuunguza mafuta ina kazi kubwa ya kunyonya joto na kuufanya moto wa ndani ya silinda uwe wa kadiri. Ukiongeza oksijeni tupu bila naitrojeni, moto huwa mkali kupita kipimo ambacho silinda, valvu na pistoni zilitengenezwa kuhimili. Mafuta huanza kulipuka kabla ya wakati wake. Dereva husikia injini ikigonga kama mtu anayetingisha misumari ndani ya kopo. Gasketi ya silinda hedi huungua. Pistoni huweza kutoboka katikati, na injini ikanoki. Kwa maneno mengine, oksijeni ikiwa kidogo haisikiki, na ikiwa nyingi kiasi cha kusikika, inaunguza injini. Kati ya hali hizo mbili hakuna mahali salama ambapo fundi wa kando ya barabara, asiye na chombo cha kupima, anaweza kupalenga.

Mtungi wenyewe kama hatari

Sehemu hii tunaomba isomwe hata na mtu asiye na gari.

Oksijeni haiungui, bali huvifanya vitu vingine viungue kwa ukali. Hewa ya chumba ikipanda kutoka asilimia 21 ya oksijeni hadi 24 au 25 tu, nguo, sponji ya kiti na nywele hushika moto kwa wepesi usio wa kawaida na ni vigumu kuuzima. Wanaanga watatu wa Marekani walikufa tarehe 27 Januari 1967 ndani ya chombo cha Apollo 1, kikiwa bado ardhini kwenye majaribio, kwa sababu hewa iliyokuwamo ilikuwa oksijeni tupu na moto ulienea kwa sekunde chache. Chombo kile kilijengwa na wataalamu waliobobea. Noah yenye mtungi unaovuja nyuma ya kiti cha abiria, vioo vikiwa vimefungwa kwa ajili ya vumbi, haina ulinzi hata wa namna hiyo.

Oili na grisi ni adui wa oksijeni yenye shinikizo. Valvu ya mtungi ikipakwa grisi ili ifunguke kwa ulaini, au ikishikwa kwa mikono yenye oili, inaweza kuwaka ghafla inapofunguliwa. Gereji ni mahali ambapo kila mkono una oili, na ni vigumu kufikiria mahali pabaya zaidi pa kufunga mtungi wa namna hii.

Tumepata pia kusikia wazo la kuhamishia oksijeni kwenye mtungi wa gesi ya kupikia ili kupunguza gharama. Hilo lisifanyike kamwe, na anayelipendekeza aondokewe papo hapo. Mtungi wa gesi ya kupikia haukutengenezwa kwa shinikizo la mitungi ya oksijeni. Unaweza kupasuka wakati wa kujazwa. Na hata usipopasuka, mabaki ya gesi ya kupikia yakichanganyika na oksijeni ndani ya mtungi mmoja ni bomu lililo tayari.

Mkoa wa Morogoro hauhitaji kufundishwa habari za moto wa mafuta. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, lori la petroli lililopinduka liliwaka na watu zaidi ya mia moja walipoteza maisha, na hewa iliyoulisha moto ule ilikuwa hewa ya kawaida.

Ipo hoja nyingine ambayo mwandishi wa somo hili anaona haisemwi vya kutosha. Mtungi mdogo wa oksijeni unaofungwa kwenye gari umetoka mahali. Ikiwa una alama ya hospitali au ya kituo cha afya, basi uliondoka kwenye kitanda cha mtu. Mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake, au mgonjwa wa nimonia, huhitaji lita chache tu kwa dakika, na mtungi ambao injini huumaliza kabla ya kufika nusu ya mlima humhudumia mtu huyo kwa saa nyingi. Tangu UVIKO-19 kila familia inajua maana ya kuambiwa kwamba mtungi umekwisha. Mlaji akionyeshwa mtungi wa aina hiyo, asiishie kukataa kuununua. Atoe taarifa.

Gesi ya nosi

Oksidi ya nitrasi ni habari tofauti kidogo, na haki inatutaka tuseme kwamba hii hufanya kazi. Ni gesi iliyotengenezwa kwa mara ya kwanza na Mwingereza Joseph Priestley mwaka 1772, na tangu karne ya 19 madaktari wa meno wameitumia kupunguza maumivu. Mpaka leo hospitali huitumia kwa kazi hiyo. Ndani ya silinda, ikipata joto la nyuzi 300 hivi za Selsiasi, huvunjika ikawa naitrojeni na oksijeni. Mchanganyiko unaopatikana una theluthi moja ya oksijeni, ukilinganisha na asilimia 21 ya hewa. Kwa kuwa inakuja na naitrojeni yake, moto wake si mkali kama ule wa oksijeni tupu, na inapotoka mtungini huwa ya baridi sana, jambo linaloifanya hewa inayoingia iwe nzito zaidi.

Wajerumani waliitumia katika ndege zao za kivita wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na Waingereza nao wakaifunga kwenye baadhi ya ndege zao za Mosquito. Sababu yao ilikuwa ile ile ya mzee wetu wa Masanze: hewa ya juu ni haba. Lakini rubani aliitumia kwa dakika chache, ili kumfikia adui au kumkimbia, na injini yake ilifunguliwa na kukaguliwa mara kwa mara na mafundi waliolipwa na serikali. Leo hutumika katika mbio fupi za kunyooka, ambazo gari hukimbia sekunde chache kisha husimama. Katika mbio ndefu za magari zinazosimamiwa na shirikisho la kimataifa la FIA, kama Safari Rally ya Kenya, kanuni zinaruhusu hewa ya kawaida pekee kuchanganywa na mafuta. Magari yale yanayopaa juu ya matuta ya Naivasha hayana nosi hata tone.

Hesabu yake nayo ni fupi. Chupa ya kawaida ya magari hubeba kilo 4.5 hivi za gesi. Oksijeni iliyomo humo, kwa uzito, ni asilimia 36, yaani kilo 1.6. Hiyo inatosha kuunguza karibu theluthi mbili za lita ya petroli. Ukitaka nyongeza ya nguvu farasi 50, chupa itakwisha kwa dakika mbili hadi tatu za matumizi mfululizo. Mlima Kitonga haupandwi kwa dakika mbili, sembuse ukiwa nyuma ya lori la shaba.

Na ili dakika hizo mbili zisiharibu injini, lazima petroli ya nyongeza iingie kwa kipimo sahihi, wakati wa cheche urekebishwe, na mara nyingi pistoni na konrodi zibadilishwe ziwe za kuhimili zaidi. Fundi anayeweza kazi hiyo ataanza kwa kupima mgandamizo wa silinda zako, na huenda akakwambia injini yako haifai. Anayekwambia "tunafunga jioni hii, kesho unaondoka" hajakusudia kupima chochote. Injini iliyokwenda kilomita laki mbili, yenye ringi zilizochoka, ndiyo inayohisi upungufu wa nguvu kuliko zote, na ndiyo ya mwisho kustahili kufungiwa gesi hii.

Hali ya hewa ya kwetu nayo ina neno. Gesi hii hukaa mtungini kama kimiminika, na kwenye nyuzi 20 shinikizo lake ni mara 50 hivi ya hewa ya kawaida, zaidi ya mara ishirini ya upepo wa tairi la gari dogo. Joto likipita nyuzi 36 haibaki tena kimiminika, na shinikizo hupanda kwa kasi. Gari lililofungwa vioo na kuachwa juani Kilosa mchana wa Januari hupita nyuzi hizo bila shida. Chupa za kiwandani zina kizibo cha usalama kinachopasuka ili kuitoa gesi kabla chupa haijapasuka. Chupa iliyofanyiwa ujanja, iliyozibwa kwa risasi au kubadilishwa valvu, haina kinga hiyo. Tarehe 26 Julai 2007 huko Mojave, California, watu watatu waliuawa na mlipuko wa mfumo wa gesi hii walipokuwa wakiijaribu kwa ajili ya roketi, bila hata kuwasha moto.

Wazazi nao wafahamu kwamba gesi hii huvutwa kama kileo. Kuivuta moja kwa moja kutoka kwenye chupa humnyima mtu oksijeni na kunaweza kumuua palepale. Kuivuta mara kwa mara huharibu mishipa ya fahamu kwa kuivuruga kazi ya vitamini B12 mwilini. Uingereza iliharamisha kuimiliki kwa nia hiyo mnamo Novemba 2023. Chupa ya nosi isiyo na kazi haifai kukaa nyumbani penye vijana.

Kopo la maji na waya mbili

Kifaa cha tatu ndicho rahisi kuuzika kwa sababu hakina mtungi. Ni kopo la maji yenye chumvi au magadi, linalopitishiwa umeme wa gari ili maji yavunjike yawe haidrojeni na oksijeni, kisha gesi hiyo huelekezwa kwenye injini. Maji huvunjika kweli. Viputo vinaonekana, na viputo hivyo ndivyo vinavyouza. Lakini kopo linalotumia umeme wa kadiri ambayo gari linaweza kuutoa halifikishi hata lita moja ya oksijeni kwa dakika, na injini yetu inavuta zaidi ya lita 500. Tena umeme huo hautoki mbinguni. Unatoka kwenye altaneta, altaneta inazungushwa na injini, na injini inazungushwa na petroli. Katika kila hatua sehemu fulani hupotea kama joto. Gari linaunguza petroli ili litengeneze gesi ambayo, ikiungua, hairudishi hata gharama ya kuitengeneza.

Idara ya mazingira ya Marekani, EPA, imechunguza kwa miaka mingi vifaa zaidi ya 100 vilivyodaiwa kupunguza matumizi ya mafuta, na haikupata kimoja kilichopunguza kwa kiasi cha maana.

Gari linalokosa pumzi lipimwe

Turudi kwa mzee wetu, kwa sababu tatizo lake ni la kweli na hatujalitatua. Kitonga kimekuwa kirefu kuliko mwaka jana, na mwinuko haujabadilika. Kilichobadilika ni gari.

Aanze na kisafisha hewa, ambacho mafundi hukiita ea klina. Kwa mtu anayezunguka njia za vumbi, chujio hicho hujaa mapema sana kuliko kitabu cha gari kinavyosema, kwa kuwa kitabu kiliandikwa kwa barabara za Japani. Chujio lililojaa hupunguza nguvu moja kwa moja, na ni miongoni mwa vipuri vya bei nafuu kabisa. Kulipuliza kwa upepo ni msaada wa muda. Likishatoboka kwa kupulizwa, vumbi linaingia ndani na kuzisaga ringi. Afuate chujio la petroli na plagi. Kisha bomba la moshi: kile chombo cha kusafishia moshi kilichomo katikati ya bomba kikiziba, injini hushindwa kutoa pumzi, na inayoshindwa kutoa haiwezi kuingiza. Breki inayoshika bila kukanyagwa na matairi yenye upepo mdogo huiba nguvu nyingi kuliko watu wanavyodhani, na kwa kuyajua haya mawili huhitaji fundi: simamisha gari baada ya mwendo, sogeza kiganja karibu na rimu bila kuigusa, na uone ni gurudumu lipi lina joto kuliko mengine.

Baada ya hapo ndipo fundi apime mgandamizo wa kila silinda. Kipimo hiki huchukua muda mfupi na hutoa namba. Mlaji ana haki ya kuonyeshwa namba hizo na kuandikiwa kwenye karatasi. Silinda moja ikiwa chini sana ya wenzake, jibu limepatikana, na hakuna gesi ya kulitibu.

Uzito nao usisahaulike. Hatumtuhumu mtu, lakini gari la abiria wanane lililopakiwa magunia hadi dari halikosi pumzi, limeelemewa.

Kuna na swali la nguvu hiyo ingetumika wapi. Siku mzee wetu anapokwenda Morogoro badala ya Iringa, hupita kilomita 50 ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, yenye matuta, mipaka ya mwendo, na ubao unaoorodhesha faini ya kila mnyama atakayegongwa. Gari likiongeza mwendo mara mbili, umbali wa kulisimamisha kwa breki huongezeka mara nne, na hakuna anayeuza mtungi wa breki.

Kabla ya kulipa, na baada

Muuzaji yeyote wa kifaa cha kuongeza nguvu aombwe mambo ambayo mwenye bidhaa ya kweli hatashindwa: aandike kwenye karatasi nguvu itakayoongezeka ni kiasi gani na kwa muda gani, aseme nani atalipa injini ikiharibika, aonyeshe mtungi ulipopimwa shinikizo mara ya mwisho, tarehe ambayo huwa imegongwa kwenye chuma cha mtungi wenyewe, na atoe risiti ya EFD. Wengi hushindwa kwenye la kwanza, na la nne humaliza waliobaki.

Mwenye bima kubwa asome mkataba wake kabla ya kubadilisha chochote kwenye injini. Kampuni ya bima inaweza kukataa madai ya gari lililofanyiwa mabadiliko ambayo haikuarifiwa, na mtungi wa gesi uliokutwa ndani ya gari lililoungua ni vigumu kuuelezea. Mwenye gari la abiria ajue kwamba abiria hawakukubali kusafiri na mtungi huo.

Ikiwa umekwisha kulipa na kifaa hakifanyi kilichosemwa, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu ubora au manufaa ya bidhaa, na malalamiko hupokelewa na Tume ya Ushindani, FCC. Ubora wa bidhaa yenyewe ni suala la Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Mtungi wenye dalili za kutoka hospitalini upelekewe taarifa polisi au kwa mganga mkuu wa wilaya. Kwa aliye mbali na ofisi hizo, afisa biashara wa halmashauri pale Kilosa ndiye mlango wa karibu.

Usifungue kifaa mwenyewe kutafuta ushahidi. Funga valvu, egesha gari kivulini mbali na jiko na nyumba, acha milango wazi, na mwite mtu anayefanya kazi na mitungi ya gesi kila siku akiondoe. Piga picha kikiwa bado kimefungwa, zikionyesha mabomba yanapoingia kwenye injini na namba iliyogongwa kwenye mtungi. Andika tarehe, mahali, namba ya simu uliyolipia, na maneno ya muuzaji kama ulivyoyasikia. Kama injini imefunguliwa, pistoni iliyotoboka usimwachie fundi aiuze chuma chakavu. Ifunge kwenye gazeti na uje nayo.